Gari la Mzee

Gari lilikuwa la Mwamini. Tuliweke hilo wazi mapema, maana baadaye watakuja watu wazima wenye kofia zao vichwani na kulivuruga.

Alilinunua kwa jasho la sufuria. Siku zote za kazi aliamka kabla ya adhana ya alfajiri, akabandika maharage, akachambua mchele, akakaanga samaki, na jua likikaribia utosini alikuwa Kwala akiwauzia chakula vibarua wa viwandani na madereva wa malori wanaosubiri mizigo kwenye bandari kavu. Kutoka Misugusugu mpaka Kwala si karibu. Alikuwa akipakia masufuria kwenye bodaboda, nusu ya mchuzi inafika na nusu inabaki njiani, mpaka akaona kwamba akiendelea hivyo atailisha barabara maisha yake yote. Akajinyima. Akaingia kikundi cha vikoba na wanawake wenzake, akavumilia gauni moja Idi hadi Idi, na hatimaye akanunua gari dogo jeupe la Kijapani, si jipya, lililokwisha kuchoka kwa wenzetu kabla ya kuja kuchokea kwetu.

Siku ya kwenda kulichukua Dar alifuatana na baba yake, Mzee Hemedi. Mwanamke aliyeachika haendi yadi ya magari peke yake kama anayekwenda gengeni kununua nyanya. Ataibiwa huku anatabasamiwa. Mzee alivaa kanzu yake ya Ijumaa. Muuzaji alipouliza kadi iandikwe jina la nani, Mwamini alifungua mdomo ataje lake, kisha akamtazama mzee. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kivulini, mikono miwili juu ya bakora, analitazama lile gari kwa macho ambayo Mwamini hakuwa ameyaona tangu mama yao alipofariki.

"Andika la baba," akasema.

Hakuna aliyemtuma. Ujinga wa namna hii haufundishwi shuleni, unafundishwa nyumbani, tena kwa mapenzi: kwamba mtoto mwenye adabu hana chake mbele ya mzazi. Nyumba uliyojenga wewe ni kwa baba. Mbuzi uliyemnunua wewe ni wa baba, na akija mgeni baba ndiye atakayesema achinjwe. Ndivyo walivyolelewa huko kijijini ng'ambo ya Mlandizi, na Mwamini alikuwa mwanafunzi mzuri wa somo hilo.

Basi likawa gari la mzee. Mzee Hemedi, ambaye tangu afiwe na mke alikuwa akiishi kwa binti yake Misugusugu, mkulima wa mihogo na korosho ambaye chombo chake cha mwisho kilikuwa baiskeli isiyo na breki, sasa alipelekwa msikitini kila Ijumaa amekaa siti ya mbele, kioo kimeshushwa, mkono mmoja nje. Wazee wenzake walimtania kwamba siku hizi hawaoni watu wa miguu. Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata. Na Mwamini, jirani akimuuliza katoka wapi na masufuria matupu, alijibu, "Nilikwenda Kwala mara moja na gari la mzee." Alifurahi kulisema. Tusimsingizie kwamba alilazimishwa.

Mdogo wake, Sadick, alikuwa na kazi ya ofisini Kisarawe na nyumba ya kupanga huko huko juu kilimani. Misugusugu alikuja sikukuu hadi sikukuu. Kwenye simu aliuliza, "Dada, gari la mzee linaendeleaje?" na dada akajibu, "Linakwenda, alhamdulillahi." Hata siku moja Sadick hakuuliza mkulima wa mihogo kapata wapi gari. Huenda hakujua kweli. Huenda alikisia na jibu halikumfaa. Mwamini mwenyewe mpaka leo hajui aamini lipi, na kutojua huko kunamchoma kuliko hasara yenyewe.

Kisha gari likaanza kutetemeka.

Mwanzoni ilikuwa pale tu anaposimama kwenye foleni Mlandizi, mguu kwenye breki: usukani unamtikisa mikono, vifuniko vya masufuria vinagongana huko nyuma. Akiwasha kiyoyozi, ndiyo kwanza inazidi. Baadaye kikaja kishindo. Akiweka gia ya kwenda mbele, du. Akiweka ya kurudi nyuma, du, kama kuna mtu anapiga sakafu ya gari kwa ngumi kutokea chini. Mchuzi ukaanza kuruka tena, na akifika Kwala anakuta maharage yamehamia kwenye wali. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi, akala chake, gari likaendelea kutetemeka. Wa pili alisema giaboksi imekufa na inafaa ishushwe, akalisema hilo kwa uso wa mtu anayetoa pole msibani. Mzee Hemedi, ambaye kiuno kilikuwa kimeanza kumsumbua na mwili kumwisha, alitikiswa siti ya mbele mpaka meno yakagongana.

"Gari langu lina homa," akasema.

Wa tatu alikuwa Saburi, fundi wa pale pale Misugusugu. Gereji yake ilikuwa paa la mabati, shimo moja na benchi la mbao kando ya barabara, ambapo wazee hukaa kunywa kahawa na kuwakosoa madereva wanaopita. Saburi hakukimbilia spana. Alifungua boneti, akamwambia Mwamini akae ndani, akanyage breki kwa nguvu zote, aweke gia ya mbele na kugusa mafuta kidogo, kisha ya nyuma vile vile. Yeye akasimama pembeni, asije akagongwa, akatazama. Injini nzima ikainuka upande mmoja, ikarudi na kujibamiza mahali pake.

"Mzee, njoo uone," Saburi akaita. Hakumwita Mwamini. Alimwita mwenye gari.

Mzee Hemedi akasogea na bakora yake, na wazee wa benchini wakasogea naye, maana injini ya mtu mwingine haijawahi kukosa watazamaji.

"Injini, mzee wangu, haitulii hata siku moja," Saburi akaeleza. "Hata iwe nzima kiasi gani, inatikisika muda wote. Sasa haikufungwa chuma kwa chuma na bodi. Imekalia hizi maunting. Chuma juu, chuma chini, katikati raba. Raba ndiyo inayoumeza ule mtetemo usikufikie wewe ulipokaa. Hii ya kulia ina mafuta ndani, na yameshavuja, ona ilivyoloa uchafu. Ikishakufa moja, mzigo wote unawaangukia wenzake. Ya nyuma hii hapa, tazama." Akaingiza bisibisi kwenye mpasuko wa raba, nayo ikaingia mpaka karibu na mpini.

"Kwa hiyo giaboksi si mbovu?" Mwamini akauliza kutoka ndani ya gari.

"Giaboksi nzima, dada. Inapigwa tu kwa sababu aliyekuwa akiishikilia amechoka."

Mzee akatikisa kichwa polepole. Akauliza kama haziwezi kutengenezwa. Saburi akasema njia ya kienyeji ipo, na wengi wanaifuata: unakata vipande vya tairi kuukuu, unavishindilia mle kwenye mpasuko, injini inaacha kuruka. Lakini raba ya tairi ni ngumu, haimezi kitu. Mtetemo wote unahamia kwenye bodi, na baada ya wiki chache nati zinaanza kulegea zenyewe na bomba la moshi linapasuka. Wapo pia wanaonunua maunting za mtumba wakiamini ndizo orijino, wakasahau kwamba raba huzeeka hata ikiwa imelala dukani.

"Gari langu silitii viraka," mzee akasema. Alisema kwa sauti, ili na aliyebaki benchini asikie. "Leta mpya. Zote."

Mwamini akashuka. "Baba, hilo niachie mimi. Nitashughulika nalo nikirudi kutoka Kwala."

Hapo ndipo alipomwona baba yake akibadilika uso. Si hasira. Ilikuwa hofu ya mtu anayekaribia kuvuliwa kitu mbele ya watu. Wazee wa kahawa walikuwa wamesimama, vikombe mkononi, wanasubiri.

"Tangu lini mtu akatengenezewa gari lake na binti?" mzee akauliza, akicheka kicheko kisicho na kitu ndani. "Mbuzi wangu wawili wapo kijijini kwa mdogo wangu Mwinyimadi. Wauzwe. Niache nilitengeneze gari langu."

Mwamini angeweza kusema neno moja pale na yote haya yasingekuwepo. Badala yake alimgeukia fundi, akainamisha kichwa kama anavyotakiwa mtoto aliyelelewa vizuri, akasema, "Fundi, ni gari la mzee. Fuata anavyosema yeye."

Saburi alifuata. Mbuzi wakauzwa, maunting zikaletwa kutoka mjini zikiwa kwenye maboksi yao, na siku ya kuzifunga mzee aliomba aletewe kiti karibu na shimo. Akazipakata mapajani, moja moja, akizibonyeza raba kwa kidole gumba. Saburi alipitisha jeki chini ya sampu, lile bakuli la oili, akaweka ubao katikati ili chuma cha jeki kisiitoboe, akainua kidogo tu, kiasi cha kuzipunguzia maunting uzito wa injini. Alifungua ya kulia kwanza, akafunga mpya, ndipo akaenda kwa nyingine. Akizifungua zote kwa pamoja, alisema, injini itahama na kuirudisha ni kazi ya kutwa. Nati hakuzikaza. Alizishika kwa mkono tu, akawasha gari, akaiacha injini ingurume na kujitafutia mkao wake, akazima, ndipo akakaza. Mzee aliuliza sababu ya kila kitu na Saburi akamjibu kila kitu, na mle gerejini hakukuwa na mtu mwenye raha kumshinda.

Walivyorudi nyumbani siku ile mzee alisinzia kwenye siti. Kabla ya hapo gari lilikuwa halimruhusu. Mwamini akazunguka mtaa mara ya pili ili asimwamshe, akiona kwamba amefanya jambo jema, na hata sasa ukimbana atakwambia lilikuwa jambo jema.

Mwanzoni mwa masika mzee akafariki. Alifariki mchana, kitandani kwake, mkono wake umeshikwa na bintiye. Watu walijaa. Katika kumsifu walisema alikuwa mtu wa dini, mkulima hodari, na mtu aliyejaliwa gari uzeeni. Mwamini alikuwa jikoni na wanawake akasikia hilo la mwisho, na akalia upya.

Arobaini ilipopita Sadick alipiga simu. Alisema ni vizuri mambo ya mzee yamalizwe mapema, kwa amani, na kikao kifanyike kwake Kisarawe, kwa sababu kuna ustaadhi anayejua mirathi vizuri. Akaomba dada amchukue baba mdogo wao, Mwinyimadi, na shangazi yao, Hajira, waje pamoja. "Na yule fundi Saburi, dada, mpitie na yeye. Nimeshaongea naye. Nataka kumuuliza habari za gari."

Mwamini alidhani Sadick anataka kununua gari na anatafuta ushauri wa fundi. Akawapitia wote. Akawafungulia milango, akamweka baba mdogo siti ya mbele, akamwekea shangazi mto mgongoni, akamuuliza Saburi kama miguu yake imepata nafasi. Aliwapakia mahakimu wake kwa mikono yake mwenyewe, akawaendesha kwa uangalifu kutoka Misugusugu mpaka Kiluvya, akaacha lami kuu na kushika njia ya Kisarawe. Gari lilipanda vilima vile kimya, halina mtikisiko, na shangazi akapitiwa na usingizi.

"Gari la kaka limetulia," Mwinyimadi akasema, akipapasa mlango.

"Maunting hizo, mzee," Saburi akajibu kutoka nyuma, na akajisikia vizuri.

Kwa Sadick walipokelewa kwa chai na maandazi. Shamba la kijijini, mihogo na mikorosho yake, liligawanywa kabla chai haijapoa: mafungu mawili kwa Sadick, moja kwa Mwamini, kama dini ilivyopanga. Mwamini hakuwa na neno. Mama hayupo, watoto ni wao wawili, hesabu haikuwa na kona.

"Limebaki gari," Sadick akasema.

Mwamini akaweka kikombe chini. "Gari gani?"

"Gari la mzee, dada. Mimi nilikuwa naona hivi. Nilichukue mimi, maana kazini kwangu ni kuzunguka sana, na wewe nikuongezee upande wa mikorosho. Sitaki kukudhulumu."

Alisema kwa upole, na upole wenyewe ndio uliomtisha Mwamini. Ungekuwa ugomvi angejua pa kushika.

"Gari halimo kwenye mirathi," akasema. "Gari ni langu. Nililinunua mimi."

Ustaadhi, mtu wa makamo mwenye ndevu zilizochanwa vizuri, akageuza shingo. Akauliza kadi ina jina la nani. La Hemedi. Akauliza kama kuna mtu aliyeshuhudia Mwamini akinunua. Aliyeshuhudia ni Hemedi.

"Wanawake wenzangu wa kikundi wanajua nilivyopata fedha," Mwamini akasema.

"Fedha ulipata, sikatai," ustaadhi akasema. "Mtu aweza kupata fedha akampa baba yake. Hilo ni jema, lina thawabu, lakini likishatolewa limetolewa. Mimi nauliza gari. Baba yako aliwahi kusema kuwa ni lako?"

Sadick akamgeukia Saburi. "Fundi, tueleze siku ile ya maunting."

Saburi alikuwa amekaa karibu na mlango, mikono yake yenye weusi wa grisi ameificha katikati ya magoti. Akasema yeye ni fundi tu, mambo ya ndani ya familia hayajui. Ustaadhi akamwambia aseme alichokiona na kukisikia, asizidishe, asipunguze. Basi akasema. Mzee alikuja mwenyewe. Mzee alisema gari langu silitii viraka. Mzee aliuza mbuzi wake. Hakuzidisha. Masikini, hakupunguza pia.

"Na dada alikuwepo?" Sadick akauliza.

"Alikuwepo."

"Alisemaje?"

Saburi akamtazama Mwamini, kisha akatazama viatu vyake mlangoni. "Alisema, fundi, ni gari la mzee. Fuata anavyosema yeye."

Ustaadhi akamuuliza Mwamini kama aliyasema hayo. Angeweza kukana. Alikuwa na dhambi chache za ulimi na moja zaidi isingeonekana. Lakini hakujua kusema uongo mbele ya watu. Ule mmoja tu aliouzoea, wa gari la mzee, ndio waliokuwa wakimuuliza.

"Niliyasema."

"Kwa nini, kama gari ni lako?"

"Kwa adabu."

"Na leo adabu imekwenda wapi?" Shangazi Hajira akauliza.

Mwamini alihisi kitu kikimpanda kifuani, akakiacha kipande. Alikuwa ameshachoka. Maisha yake yote alikuwa ameshikilia heshima za watu wengine zisitikisike, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama anaumia.

"Baba hakuwa na gari," akasema. "Baba alikuwa akikaa kwenye gari langu. Nilimwacha aseme ni lake kwa sababu lilimfurahisha. Mtu auze mbuzi wawili ndiyo awe na gari? Kama mbuzi wawili wananunua gari, kila mtu hapa angekuwa nalo."

Hakuna aliyecheka. Shangazi Hajira akajifunika uso kwa mtandio. "Unamvua nguo marehemu," akasema, sauti ikitoka ndani ya kitambaa. "Mtu hana hata miezi kaburini, na mtoto wake wa kumzaa anamvua nguo." Akaanza kulia kweli, na ustaadhi akasoma kitu chini chini, kama mtu aliyesikia tusi.

Alikuwa amebaki mmoja. Mwamini akamgeukia Mwinyimadi. Siku gari lilipoingia nyumbani kwa mara ya kwanza, ndugu hawa wawili walikaa uani, na yeye akiwa nyuma ya pazia anamimina chai alimsikia baba yake akinong'ona, kwa fahari na aibu kwa pamoja, kwamba gari hili ni la Mwamini, kaniandika jina tu mtoto huyu, Mungu amzidishie. Alisikia pia Mwinyimadi akijibu amina.

"Ba mdogo anajua," akasema. "Ba mdogo, baba alikwambia. Mlikuwa uani. Waambie."

Mwinyimadi alivua kofia yake, akaitazama ndani kama aliyedondosha kitu humo, akaivaa tena. Nje kuku wa Sadick walikuwa wanagombania maganda. Mwamini akamsubiri. Kila mtu alimsubiri.

"Mimi ninachojua," Mwinyimadi akasema, "ni kwamba kaka yangu alikuwa na gari."

Hayo yalitosha. Ustaadhi akasema kadi ni ya marehemu, kauli ni ya marehemu, na kauli ya mwenye kudai nayo imekuwa ya marehemu, basi yeye hana namna. Akamshauri Mwamini aombe msamaha kwa maneno aliyoyatamka, kwa ajili ya roho yake mwenyewe. Sadick hakushangilia. Alikuwa ameinamisha macho, na Mwamini alipomwekea ufunguo mezani alisubiri kidogo kabla ya kuuchukua, kama mtu anayeona haya kuanza kula.

"Ukiwa na shida ya usafiri, dada, unipigie simu tu," akasema.

Mwamini akaenda kwenye gari akafungua buti. Akatoa hotipoti zake, sufuria kubwa la wali, upawa, ndoo ya kunawia, na kanga aliyokuwa akiitandika ili masufuria yasichafue sakafu. Akavifunga kwa ile kanga. Saburi akaja kumsaidia kufunga fundo.

"Dada, mimi niliulizwa," akasema.

"Hukusema uongo, fundi."

Ingekuwa nafuu kwa Saburi kama angetukanwa. Akaaga, akatafuta bodaboda, akashuka peke yake. Shangazi alibaki kwa Sadick, alisema hawezi kukaa karibu na Mwamini kwa leo. Kwa hiyo waliotembea mpaka kituo cha mabasi walikuwa wawili, Mwamini mbele na mzigo wake kichwani, Mwinyimadi nyuma. Walikaa kwenye ukuta mfupi kusubiri basi la kushuka mjini.

Mwamini alikuwa akifikiria kesho. Kesho ni siku ya kazi, na vibarua wa Kwala ikifika saa ya kula hawasubiri mtu aliyenyang'anywa gari. Wapo wanawake wengine wenye masufuria. Kwa bodaboda atafika amechelewa, chakula kimemwagika, na wateja aliowachukua mmoja mmoja atawapoteza mmoja mmoja. Alilifikiria hilo bila machozi, na hasira yake ilikuwa imetulia chini kabisa, mahali ambapo haitatoka tena.

"Mwamini," Mwinyimadi akaita.

"Abee, ba mdogo."

"Gari lilikuwa lako. Kaka aliniambia kwa mdomo wake."

Hakugeuka kumtazama. "Mbona nilipokuuliza hukusema?"

"Pale palikuwa na watu, mwanangu. Nilimwona ustaadhi, nikaona habari itafika kijijini kabla yangu. Nisemeje? Kwamba kaka yangu miaka yote ile alikuwa akipunga mkono kutoka kwenye gari la kuazima? Kwamba alikufa hana kitu? Wewe ni mwanamke, una nguvu zako, utapata jingine. Yeye hapati tena jina jingine."

Mwamini alikuwa na maneno mengi. Alitaka kumwambia kwamba marehemu haulizwi gari na yeyote huko alikokwenda. Alitaka kumuuliza ni nani aliyemwambia kwamba nguvu za mwanamke hazina mwisho. Aliyapanga maneno hayo vizuri, yakawa tayari, na hapo basi likatokea.

Mwinyimadi akasimama akijishikiza kwenye bega lake, maana magoti yake yalikuwa mabovu na bakora aliisahau kwa Sadick. Mwamini akamsaidia mpaka mlangoni. Mguu mmoja ukiwa kwenye ngazi mzee akageuka, akainamisha uso wake karibu na wa Mwamini, akashusha sauti.

"Ila haya niliyokwambia yaishie hapa hapa. Watu wakisikia nilijua nikanyamaza, mimi nitaonekana mtu wa namna gani? Nisitiri, mwanangu."

Kondakta alikuwa akiwahimiza wapande. Mwamini alimtazama baba yake mdogo, mzigo wa masufuria ukimlemea mkono, na kabla hajaamua kitu akasikia mdomo wake mwenyewe ukijibu, kwa sauti ya chini na ya adabu.

"Sawa, ba mdogo."